Damu chooni: umwone nani hapa Nyanda za Juu Kusini, na lini upande basi la Dar

Mtu akianza kuona damu kwenye choo, huku kwetu ana njia nne mbele yake. Anunue dawa ya kupaka kwenye duka la dawa muhimu. Amtafute muuza mitishamba sokoni, pale Mwanjelwa au Mlandege. Aende hospitali iliyo karibu amwone daktari wa upasuaji. Au auze magunia mawili matatu ya mahindi, akatafute "bingwa mwenyewe" Dar es Salaam.

Nitasema msimamo wangu mapema ili asiye na muda asihangaike. Bawasiri (mgolo, yaani mishipa iliyovimba ya njia ya haja kubwa), mpasuko (mchaniko wa ngozi ya njia hiyo) na jipu vitibiwe hapahapa nyumbani. Nauli ya mbali itunze kwa mambo mawili: nasuri (kijitundu kisichofunga pembeni ya njia ya haja kubwa) iliyokwisha kupasuliwa ikarudi, na saratani ya puru. Puru ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, sentimita 12 hadi 15 hivi kabla ya njia ya kutokea. Na kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizo, mtu akuangalie kwanza.

Hilo la mwisho ndilo linalorukwa kuliko yote. Kazi yangu ni uuguzi, upande wa kliniki ya upasuaji. Wanaokuja wakiwa na jina la ugonjwa tayari mdomoni ni wengi kuliko waliokwisha kupimwa. Mzee mmoja kutoka Kilolo alifika na mkewe, nikamwamkia, "Kamwene, baba." "Kamwene, mwanangu. Mimi nina mgolo wa miaka mingi, nataka unikatie." Nikamuuliza kama daktari amewahi kumpima kwa kidole. Akamtazama mkewe, wakacheka. "Kidole tena? Mgolo naujua, marehemu baba alikuwa nao."

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kifuani, umefunikwa shuka. Daktari anavaa glavu, anapaka jeli, anatazama nje kwanza, kisha anaingiza kidole kimoja taratibu. Baada ya hapo kuna bomba fupi lenye taa, proktoskopi, nene kidogo kuliko kidole gumba, na humo ndimo bawasiri za ndani zinapoonekana, kwa sababu kidole peke yake hakizihisi vizuri. Kwa yule mzee daktari hakufika hata kwenye bomba. Alipotenganisha ngozi tu aliona mpasuko mdogo upande wa nyuma, mzee akaruka kwa maumivu. Dawa za mgolo alizotumia miaka yote hiyo zilikuwa za ugonjwa mwingine.

Nani ni nani

Tawi la udaktari linaloshughulika na utumbo mpana, puru na njia ya haja kubwa linaitwa koloproktolojia. Hospitali iliyolipatia tawi hili sifa ni St Mark's ya London, aliyoianzisha Frederick Salmon mwaka 1835 ikiwa na vitanda 7, kwa ajili ya maskini wenye nasuri na maradhi mengine ya puru. Marekani wana bodi ya madaktari hawa tangu 1935. Jambo la kukumbuka kwa anayechagua ni kwamba bobezi huyu kwanza ni mpasuaji wa jumla. Kule Marekani husoma upasuaji wa jumla miaka 5, halafu anaongeza mmoja wa utumbo mpana. Kwa hiyo bingwa wa upasuaji wa jumla unayempata Iringa au Mbeya amepita njia ileile. Tofauti ni zile hatua za mwisho, na ni magonjwa machache yanayozihitaji.

| Unayemwona | Anachokimudu | Kikomo chake |
|---|---|---|
| Daktari wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya | Kupima kwa kidole, wingi wa damu, kipimo cha choo, kutibu choo kigumu, kutumbua jipu la nje, barua ya rufaa | Mara nyingi hana kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Hapaswi kugusa nasuri |
| Bingwa wa upasuaji wa jumla | Bawasiri zote, mpasuko, nasuri ya chini, utumbo uliojisokota, saratani nyingi za utumbo mpana | Nasuri inayopita kwenye msuli mwingi, saratani ya puru iliyo chini sana |
| Bingwa wa mfumo wa chakula | Kamera, kuhara kwa muda mrefu, vidonda vya utumbo mpana, kutoa kwa kamera vinyama vinavyoota ndani ya utumbo | Hafanyi upasuaji mkubwa |
| Bobezi wa utumbo mpana na puru | Yote ya upasuaji hapo juu, hasa yaliyoshindikana | Wachache, na wako mbali |

Watu wengi hawajui kwamba huyo wa mstari wa tatu si mpasuaji. Ukiwa unaharisha damu na makamasi kwa miezi, vipimo vya choo vimeonyesha hakuna amiba wala kichocho, yeye ndiye wako. Ukiwa na kitu kinachotokeza nje unapojisaidia, utakaa kwenye foleni yake kisha akuandikie uende kwa mpasuaji.

Bawasiri: dawa, mpira au kisu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bawasiri za ndani hupangwa kwa daraja nne. Ya kwanza inavuja damu tu. Ya pili inatokeza ukijikamua, inarudi yenyewe. Ya tatu hairudi mpaka uisukume kwa kidole. Ya nne haisukumiki tena. Damu yake ni nyekundu, inadondoka baada ya choo au inabaki kwenye karatasi, na kwa kawaida hakuna maumivu. Ndani ya njia ya haja kubwa kuna mstari; juu ya mstari huo hakuna mishipa ya kuhisi maumivu kama ya ngozi, chini yake ipo tele. Bawasiri za ndani huanzia juu ya mstari.

Daraja la kwanza, na la pili nyingi, hutulia kwa chakula na maji. Watu hudharau ushauri huu kwa sababu hauna risiti. Mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku, na huku kwetu haziuzwi kwa bei ya kutisha: ugali wa dona badala ya sembe, maharage, njegere, uji wa ulezi, na parachichi, ambalo moja lina karibu gramu 10. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alishika hoja hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, akisema maradhi mengi ya utumbo mpana ni adimu vijijini Afrika kwa sababu ya chakula chenye nyuzinyuzi. Mijini siku hizi tunakula sembe na chipsi, hivyo kinga hiyo tumeiacha shambani. Kingine ni maji. Juni na Julai, Makete au Uyole, nani anakunywa maji ya baridi? Chemsha, kunywa ya moto, lakini kunywa. Na usikae chooni na simu nusu saa.

Dawa za kupaka na za kuingiza hupunguza muwasho na uvimbe kwa siku chache. Hazirudishi bawasiri mahali pake. Zile zenye steroidi zikitumika wiki nyingi mfululizo huifanya ngozi kuwa nyembamba, kisha mtu anawashwa zaidi na kurudi kununua nyingine.

Kufunga kwa mpira ndiyo njia ninayoona inafaa watu wengi wa daraja la pili na baadhi ya la tatu, na ndiyo isiyojulikana. James Barron alieleza kifaa chake mwaka 1963: kimpira kidogo kinavishwa kwenye shina la bawasiri, damu inakatika, na siku 5 hadi 10 baadaye kinyama kinakauka na kuanguka chenyewe. Hakuna nusu kaputi, hakuna kulazwa. Kwa kuwa mpira unafungwa juu ya ule mstari, haupaswi kuuma sana. Ukihisi maumivu makali papo hapo, sema, maana umefungwa chini mno na unaweza kutolewa. Hasara yake ni kwamba pengine utarudi mara mbili au tatu, wiki kadhaa kati ya mara moja na nyingine. Na wakati kinyama kinapoanguka damu inaweza kutoka, wakati mwingine nyingi. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda waseme kabla.

Upasuaji wa kukata, ule wa Milligan na Morgan wa mwaka 1937, bado ndio unaofanyika sana, na kwa daraja la nne ndio wenyewe. Bawasiri hazirudi kirahisi kama baada ya mpira. Bei yake ni maumivu: wiki mbili hadi nne, na choo cha kwanza ni kigumu kukisimulia. Hapa sasa fikiria barabara. Ukifanyiwa Dar, utarudi Mbeya kwa kukaa kitako zaidi ya kilomita 800, na Kitonga katikati. Ukifanyiwa mpira kule, siku ya kinyama kuanguka utakuwa umesharudi kwenu Ileje, na aliyekufunga yuko mbali. Upasuaji huu bingwa wa hospitali ya rufaa ya mkoa anaufanya kila mara. Sijaona sababu ya kuufuata Dar.

Mpasuko

Huu hauhitaji maneno mengi. Maumivu makali wakati wa choo, yakiendelea hata saa moja mbili baadaye, na damu kidogo kwenye karatasi. Ukiumwa hivyo, bawasiri ya ndani siyo mtuhumiwa wa kwanza. Mpasuko ulioanza karibuni hupona kwa kulainisha choo na kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya kujisaidia. Ukizidi wiki 6 hadi 8, kuna marhamu ya kulegeza msuli, ya diltiazemu au gliserini trinitreti. Hii ya pili huumiza kichwa sana, wengi huiacha. Ikishindikana, mpasuaji anakata sehemu ndogo ya msuli wa ndani wa kubana choo. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 hupona, ila wachache hushindwa kuzuia upepo baadaye. Mama aliyewahi kuchanika vibaya wakati wa kujifungua amweleze daktari hilo kabla ya kukubali kukatwa, kwa sababu msuli wake huenda tayari umepungua.

Mpasuko usiokaa katikati nyuma au mbele, bali pembeni, unataka uchunguzi zaidi: kifua kikuu, VVU, kaswende, saratani, au ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa muda mrefu wa utumbo.

Nasuri, ambayo wengi huiita fistula

Inaanza kama jipu pembeni ya njia ya haja kubwa. Jipu litumbuliwe haraka, siku hiyohiyo, hospitali yoyote yenye chumba cha upasuaji. Vidonge havimalizi usaha uliokwisha kukusanyika. Baada ya hapo, takriban mmoja kati ya watatu hubakiwa na kijitundu kinachotoa majimaji kisichofunga. Hiyo ndiyo nasuri: njia ndogo kutoka ndani hadi kwenye ngozi.

Cha kuangalia ni njia hiyo imepita msuli kiasi gani. Ikipita chini, bingwa wa upasuaji wa jumla anaifungua yote na inapona, mara nyingi kabisa. Ikipita juu, kuifungua vile ni kukata msuli unaozuia choo, na mtu anaweza kumaliza maisha yake akivaa nepi. Ndiyo maana mpasuaji mwangalifu, asipokuwa na uhakika, hupitisha uzi humo na kuuacha wiki au miezi. Wagonjwa hulalamika: "Amenifunga kamba tu, hajanitibu." Huyo amekutendea haki. Usimkimbie ukamtafute atakayekata siku hiyohiyo.

Kama umeshapasuliwa nasuri ikarudi, au ina matundu mawili matatu, hapo sasa changa nauli. Unahitaji picha ya MRI kuonyesha njia zilikopita, na mikono iliyozoea kazi hiyo. Omba rufaa kupitia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na beba taarifa ya upasuaji wa kwanza. Bila karatasi hiyo daktari wa pili anaanza gizani. Pima kifua kikuu na VVU kabla hujaondoka. Mikoa yetu, Njombe, Iringa na Mbeya, iko juu kitaifa kwa VVU, na kidonda cha huku chini hakifungi vizuri kwa mtu ambaye hajaanza dawa.

Wakati damu si ya bawasiri

Damu iliyochanganyika na kinyesi chenyewe, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, hisia kwamba hujamaliza hata ukitoka sasa hivi, kupungua uzito, wingi wa damu kushuka bila sababu. Mwenye mojawapo asikubali kurudishwa nyumbani na marhamu, hata kama bawasiri anazo kweli, maana mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja. Wala umri usimtulize. Saratani ya utumbo mpana tunaikuta pia kwa watu wa miaka 30 na kitu. Choo cheusi chenye kunata ni habari nyingine, damu hiyo kwa kawaida inatoka tumboni juu, na ni ya kuwahi.

Kipimo chake ni kamera. Sigmoidoskopi fupi huona sentimita 60 hivi za mwisho, kolonoskopi huzunguka utumbo mpana wote, kama mita moja na nusu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua ya pili, kwa sababu vinyama vya upande wa kulia ile fupi haivifikii, na kolonoskopi inaweza kuvitoa papo hapo kabla havijageuka saratani. Ila maandalizi yake ni ya kuharisha siku nzima mpaka maji yatoke safi. Nawasihi wanaotoka Ludewa, Mlowo au Sumbawanga: msinywe dawa hiyo nyumbani kisha mkapanda basi. Njooni siku moja kabla, laleni kwa ndugu au gesti yenye choo cha ndani, ndipo mnywe.

Piga simu kabla ya safari na uliza kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, nani anaitumia, na kinyama kikikatwa kinapelekwa maabara gani. Uliza pia kama bima yako inalipia, maana wenye NHIF wasio na barua ya rufaa hurudishwa dirishani.

Hospitali, kwa upande wa barabara

Aliye Tukuyu, Kyela, Vwawa au Chunya, njia yake ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa 7 ya huku. Aliye Iringa mjini au Mufindi aanze na hospitali ya rufaa ya mkoa au Tosamaganga. Kama anatakiwa kwenda mbele zaidi, afikirie Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma: kutoka Iringa kupita Mtera ni kilomita 260 hivi, nusu ya umbali wa Dar. Watu wa Njombe na Makete wana Ikonda, hospitali ya Wamisionari wa Consolata, ambayo wagonjwa huijia hata kutoka mikoa ya mbali. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, beba koti. Ukisikia madaktari bingwa wa kambi wamekuja wilayani kwako, nenda upimwe na upate barua. Upasuaji wenyewe uliza nani atakuona wakishaondoka.

Saratani ya puru ndiyo inayonifanya nisitetee nyumbani. Mwaka 1982 Bill Heald, mpasuaji wa Uingereza, alieleza namna ya kuitoa puru pamoja na mafuta yote yanayoizunguka bila kuyachana. Kabla ya hapo saratani ilirudi palepale kwa wagonjwa wengi mno; kwa wapasuaji waliojifunza njia hiyo ilishuka chini ya mmoja kati ya 10. Mkono wa mpasuaji unabadili matokeo, na ndio pia unaoamua mara nyingi kama utabaki na mfuko wa kinyesi tumboni kwa muda au maisha yote. Wengi huhitaji mionzi kabla ya kisu, na hiyo inapatikana katika hospitali kama Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando, Mwanza. Kwa hiyo usikubali kupasuliwa haraka hapa kwa sababu tu nafasi imepatikana. Omba picha na kikao cha madaktari kwanza. Saratani iliyo juu, kwenye utumbo mpana wenyewe, haina ugumu huo. Bingwa wa Kanda anaimudu.

Dharura ina kanuni yake. Tumbo likivimba ghafla na kukaza, huna choo wala upepo, unatapika, huenda utumbo umejisokota. Hapo usiulize bobezi yuko wapi, wala usipite hospitali moja kwenda nyingine kubwa zaidi. Ya karibu yenye chumba cha upasuaji ndiyo sahihi, kwa sababu utumbo uliojisokota hufa kwa saa, si kwa siku. Wakiufungua kwa bomba bila kukata, uliza tarehe ya upasuaji kabla ya kuruhusiwa, kwani hujisokota tena kwa wengi.

Mitishamba nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ya kunywa inayolainisha choo sina ugomvi nayo sana, mradi umeshapimwa. Ya kupaka inayochoma, "mpaka mgolo uanguke wenyewe", hapana. Inaunguza na ngozi nzima inayozunguka, kovu linabana, na mtu anakuja kwetu njia ikiwa imebaki ndogo kiasi kwamba kidole cha daktari hakipiti. Kama umeshaitumia, sema dawa gani na lini, hakuna atakayekugombeza. Na dada au mama anayeona haya kupimwa na mwanaume ana haki ya kuomba daktari wa kike, au muuguzi wa kike asimame kando yake. Mwambie anayekupokea mapema asubuhi, kabla zamu hazijapangwa.